Dawa za presha haziui figo

Ujumbe huu umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kasulu: "Acheni dawa za presha, zinaua figo." Si kweli. Presha isiyodhibitiwa ndiyo inayochakaza mishipa midogo ya figo, taratibu, bila maumivu. Baadhi ya dawa hizo, kama losartani na enalaprili, huzilinda figo, hasa pale protini inapovuja kwenye mkojo.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Wengi huanza dawa figo zikiwa zimeshaumia kimyakimya. Wakipimwa baadaye, lawama inaangukia kidonge. Tena dawa hizo zinaweza kupandisha kidogo mwanzoni kreatinini (taka kwenye damu ambayo figo huichuja), ndiyo maana daktari hurudia vipimo. Zinazonitia hofu zaidi ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani kwa ajili ya mgongo na kuzimeza wiki nzima. Hizo kweli zinaweza kuumiza figo, hasa zilizokwisha dhoofika.

Ukitaka uhakika, omba upimwe kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Mwoneshe mfamasia dawa zako zote, hata za mitishamba. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze: mzazi wa mtu anaweza kuacha dawa kwa sababu yake, akapata kiharusi.