Supasentenariani ni mtu gani hasa?

Mtu akifikisha miaka 100 anaitwa sentenariani, hilo wengi washalisikia. Akisogea mpaka 110 ndo anakuwa supasentenariani. Ila kutaja umri tu haitoshi, lazima makaratasi yaonyeshe, na wengi wanakwama hapo.

Chukua mzee Gustav Gerneth wa Ujerumani. Kazaliwa tarehe 15 Oktoba 1905 mjini Stettin, kafariki tarehe 21 Oktoba 2019 kule Havelberg, yaani miaka 114 na siku sita, na mwaka huo ndo alikuwa mwanaume mzee kuliko wote wanaojulikana duniani. Hebu fikiria, kazaliwa enzi za Kaisari, mfalme mkuu wa Ujerumani, kaikuta jamhuri, kaja Hitler, yeye fundi mitambo wa meli, vita kuu ya pili ikamwacha mateka mikononi mwa Wasovieti, akarudi akatulia Havelberg akifanya kazi kiwanda cha gesi chini ya Ujerumani Mashariki, mkewe akafariki 1988, miaka miwili baadaye Ujerumani mbili zikaungana mzee anakaribia 85, umri ambao sisi tunaona mtu kashamaliza safari, kumbe alikuwa bado ana miaka 29 mbele! Hata Stettin yenyewe siku hizi iko Poland, inaitwa Szczecin.

Sasa umri wake ulijulikanaje? Prussia, ambako Stettin ilikuwepo, ilianza kuandikisha vizazi kwenye ofisi za serikali tangu 1874, miaka 31 kabla hajazaliwa. Wanaohakiki umri wanatafuta cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, na kumbukumbu zingine za katikati ya maisha yake, wanazilinganisha, maana kuna kosa linajirudia sana la mtu kuchanganywa na ndugu yake aliyekufa mdogo ambaye alipewa jina hilohilo.

Na hapa ndo panaponiuma mimi. Oktoba hiyohiyo ya 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepamba moto, na waliokuwa wanapigwa vita ni serikali ya Kaisari huyohuyo. Watoto waliozaliwa Kilwa au Songea miezi ile wengi hawakuandikwa popote, walikua wakiambiwa tu ulizaliwa mwaka wa vita. Bibi wa huko aliyefika 112 ni supasentenariani kabisa kama Gerneth, ila kwenye orodha ya waliohakikiwa hayumo, karatasi hana.