Uzito wa vitufe vya kibodi: maswali ya wachapaji wa Mtwara

Swali: Nachapa fomu na barua kwenye steshenari hapa Mtwara. Msimu wa korosho kazi zinafuatana, na ikifika jioni ncha za vidole zinawaka. Tatizo ni kibodi?

Huenda. Kwenye kibodi za swichi, yaani zile ambazo kila kitufe kina kiwashio chake chini, kila kitufe kina springi yake. Swichi nyekundu ya Cherry, kampuni inayotengeneza swichi za kibodi, inahitaji nguvu ya gramu 45 hivi, nyeusi gramu 60. Gramu 15 si kitu kwa mtu anayebonyeza mara moja, ila wewe unabonyeza maelfu ya mara kwa siku. Kibodi nyingi za bei nafuu hazina springi hizo, zina kimpira, na kimpira kikichoka au vumbi likiingia, kitufe kinagoma. Kama herufi moja tu ndiyo ngumu, safisha au badilisha kibodi.

Ila dada, unabangua korosho nyumbani? Mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, na kidole kilichobabuka kitauma hata kwenye kitufe chepesi.

Swali: Basi ninunue nyepesi kabisa?

Usikimbilie huko. Kitufe chepesi mno kinaandika hata kidole kikigusa kwa bahati mbaya, na mchapaji kwa kuogopa kukosea huishia kuninginiza vidole hewani mpaka mkono unachoka. Halafu kuna kugonga. Swichi nyekundu inaandika herufi ikishuka milimita 2. Mwisho wake ni milimita 4. Anayegonga hadi chini anajiumiza bure, na waliojifunzia taipureta ndio wagumu kuacha.

Swali: Nina kucha ndefu, nazipaka hina. Zina madhara?

Hina haina neno. Shida ni ncha ya kucha kutua kwenye kitufe kigumu: kucha inabinuka, na nguvu yote inaishia pale iliposhikana na nyama. Ikirudiwa kila siku, kucha inaweza kuanza kubanduka. Sehemu iliyobanduka huwa nyeupe, na hina inaificha, kwa hiyo ichunguze kwa chini. Ukiona hivyo ikate fupi, wala usiichokonoe kwa kijiti.

Swali: Usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi.

Hapo kubadilisha kibodi peke yake hakutoshi. Huenda neva inayopita kwenye kifundo cha mkono inabanwa. Nenda kituo cha afya. Wanaweza kukupa kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala. Wajawazito na wenye kisukari hupata ganzi hii zaidi, hata wasiochapa, kwa hiyo mweleze daktari hali yako yote.