Benchi waranti ni nini na unaiondoaje kabla haijakukuta barabarani

Waranti ya kawaida polisi ndio wanaoiomba. Wanamwendea jaji na sababu zao kwamba fulani kaiba au kapiga mtu, jaji akiridhika anasaini. Benchi waranti haina polisi aliyeiomba, jaji mwenyewe yuko pale mbele, faili lako liko mezani, jina limeitwa na wewe haupo, basi anasaini hati ukamatwe uletwe. Kosa lako ni moja tu, uliambiwa uje, au ulipe, au umalize zile saa za kazi za jamii, na hukufanya. Kesi yenyewe pengine ungeishinda asubuhi hiyo hiyo lakini waranti haiulizi hayo.

Natumia mfano wa Texas manake wasemaji wa Kiswahili wako wengi Houston, Dallas na Fort Worth, na kila jimbo la Marekani lina utaratibu wake, ya Texas usiyabebe ukayapeleka Ohio ukadhani yatakubali. Kwenye makaratasi ya Texas utakuta imeandikwa capias, usibabaike, ni waranti hiyo hiyo ya jaji.

Nyingi zinaanzia kwenye tiketi ya barabarani. Umesimamishwa kwa spidi, afisa anakupa karatasi usaini, na wengi wanaogopa kusaini wakidhani wamekiri kosa. Hapana, ile saini ni ahadi tu kwamba utaijibu korti kabla ya tarehe iliyoandikwa hapo. Sasa mtu anaitupia kwenye gari, anahama apatimenti, habadilishi anwani kwenye leseni (na Texas inakupa siku 30 kubadilisha), barua za korti zinaenda kwa mpangaji mpya ambaye anazitupa. Sheria inataka korti ikutumie notisi kwanza kabla ya kutoa waranti ya kutofika, na kweli wametuma, ila wametuma kwa anwani waliyonayo wao. Miezi inapita hujui kitu, halafu unakwenda kurenew leseni unaambiwa imezuiliwa, au mbaya zaidi unasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, afisa anapiga jina kwenye kompyuta, unateremshwa, pingu, gari linavutwa na gharama za kulikomboa ni juu yako. Na waranti haina ekspaya, ya miaka saba iliyopita inakamata sawasawa na ya jana.

Kuna na wale ambao wanakuja kabisa lakini bado wanapigwa waranti. Uliyetoka kwa bondi, yaani dhamana ya kukuachia usubiri kesi ukiwa nje, usipoonekana, sheria ya Texas inataka jina lako liitwe waziwazi mlangoni pa korti kabla bondi haijatangazwa imepotea. Kwa hiyo askari wa korti anatoka kwenye korido na kuita. Sasa fikiria mtu anaitwa Ng'ang'a au Mwakyembe, hebu sikiliza Mtexas akilisoma hilo jina, wewe umekaa palepale kwenye benchi unacheki simu na hugeuki kwa sababu halijafanana na lako hata kidogo! Ukifika ingia ndani, mtafute karani au huyo askari mwonyeshe kitambulisho umwambie nipo, na kama Kiingereza ni cha kuungaunga omba mkalimani wa Kiswahili mapema, sio asubuhi ya kesi, na usimtumie mtoto wako.

Kuiondoa kunategemea iko korti gani, hapa ndipo watu wanaponiuliza sana na jibu la mtu mmoja linampoteza mwingine. Makosa ya faini tupu, yale ambayo faini yake kwa kawaida haizidi dola 500 na hayana jela, yako korti ya mji au korti ya JP (justice of the peace, jaji wa makosa madogo). Angalia juu kwenye tiketi, manake Harris County peke yake ina korti za JP 16 na ukienda isiyo yako watakurudisha. Ukishaijua, nenda mwenyewe dirishani, toa namba ya kesi au jina na tarehe ya kuzaliwa, sema nimekuja kushughulikia waranti yangu. Sheria ya Texas iko upande wako hapa: ukijileta kwa hiari na nia ya kweli kabla hawajakukamata, jaji anatakiwa aifute ile waranti ya kutofika. Watu wanakaa na hofu miaka kumbe mlango ulikuwa wazi. Halafu huna hela? Sema huna, kwa sauti, mbele ya jaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1983 katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu hana cha kulipa faini, korti lazima kwanza iulize kama ni kushindwa au ni ukaidi. Utapewa kulipa kidogo kidogo, au kazi za jamii, na mara nyingine faini inapunguzwa ama kusamehewa.

Korti ya kaunti ni habari nyingine. Kule ndiko kuna kuendesha umelewa mara ya kwanza, wizi mdogo, ugomvi wa nyumbani, makosa yenye jela mpaka siku 180 au mwaka mmoja, na huko kutofika bila sababu ya maana kunaweza kukuzalia shitaka jipya kabisa. Usijipeleke tu peke yako. Tafuta wakili, aombe jaji aiondoe waranti na kesi irudi kwenye ratiba, jaji anaweza kurudisha bondi ya zamani au akataka mpya. Huna uwezo, omba wakili wa korti, kwa kesi zenye jela hiyo ni haki yako (za faini tupu hupewi). Kampuni ya bondi, ile iliyokudhamini, nayo ipigie mapema kabla hawajaanza kukusaka, na kumbuka kuna shemeji au rafiki aliyesaini pamoja na wewe, deni likija linamfuata yeye.

Kama huna uraia, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujakubali kosa lolote, hata lile dogo ambalo prosekyuta (mwendesha mashitaka) anakwambia ukilikubali unaenda nyumbani leo. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky ya 2010 wakili wako wa jinai analazimika kukuambia kama kukiri kutakuletea kufukuzwa nchini, muulize wazi usisubiri akumbuke. Na ukiomba uraia alama za vidole zinapimwa, waranti uliyoisahau inaweza kuibukia huko.

Simu ya mtu anayejiita sajini wa sherifu, anasema ulikosa kwenda kuwa juri kwa hiyo una waranti, lipa sasa hivi kwa gift kadi umsomee namba, huyo ni tapeli. Korti hailipwi kwa gift kadi. Kata, tafuta mwenyewe namba ya karani kwenye tovuti ya kaunti, piga uulize.

Ukishafutiwa, usitoke dirishani bila karatasi yenye muhuri inayosema waranti imeondolewa, na uulize kama wameshatuma taarifa leseni ifunguliwe, manake hiyo ni hatua tofauti na mara nyingine mpaka ulipe ada yake kwanza. Kompyuta za polisi huwa zinachelewa kupata habari. Kopi moja iweke kwenye gari pamoja na bima, ya pili ipige picha ibaki kwenye simu.