Bahari isiyokatwa na mistari ya risasi: dirisha la Sarah kule Tudeley

Anayeniuliza aanzie wapi kujifunza vioo vya rangi, namwelekeza Tudeley, kijiji cha mashamba huko Kent, Uingereza. Kanisa lake la Watakatifu Wote ni dogo, mnara wake wa matofali. Ukilitazama kwa nje unaweza kulipita tu.

Sarah d'Avigdor-Goldsmid alikufa maji mwaka 1963, katika ajali ya mashua ya matanga, akiwa na miaka 21. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameviona, huko Paris, vioo ambavyo mchoraji Marc Chagall aliviandaa kwa ajili ya hospitali ya Hadassah ya Jerusalem, akavipenda mno. Wazazi wake wakamwendea Chagall huyo huyo, awatengenezee dirisha la kumkumbuka binti yao katika kanisa hili. Dirisha likawekwa mwaka 1967, ukuta wa mashariki, juu ya madhabahu.

Madirisha mengi ya ukumbusho niliyowahi kuyashika humweka marehemu mbali na kifo chake: malaika, ngao ya ukoo, jina chini, basi. Hapa Sarah mwenyewe yumo majini, chini kabisa, mawimbi yamemfunika, na wanaomlilia wapo. Halafu kuna ngazi, nayo inayapandisha macho yako hadi kwa Kristo msalabani.

Sasa sogea karibu. Kwa kawaida kila rangi ni kipande chake, na kila kipande huzungushiwa risasi, yaani ukanda wa metali laini unaoshikanisha vipande. Buluu ikikutana na nyeupe, lazima mstari mweusi upite kati yao. Kwa mtindo huo bahari ingekatikakatika. Charles Marq, fundi wa Reims aliyeshirikiana na Chagall, alitumia kioo chenye utando mwembamba wa rangi juu ya kioo kisicho na rangi. Tindikali huula utando huo taratibu, hivyo buluu nzito hufifia hadi ikawa nyeupe ndani ya kipande kimoja. Risasi ikabaki huru kufuata mkono wa mchoraji. Kisha Chagall alichora juu ya kioo hicho kwa rangi ya unga wa kioo na oksidi ya chuma, inayoshikamana na kioo ikichomwa tanurini. Alama za brashi yake bado zinaonekana.

Baadaye alichora na madirisha mengine yote, yakatimia 12. Ya mwisho yaliwekwa 1985, mwaka aliofariki akiwa na miaka 97. Wewe anza na hili la mashariki, na uende asubuhi, jua likiwa nyuma yake.