Dawa za maumivu kwa mgonjwa wa saratani ya ini: ipi inafaa, ipi ya kuogopa

Dawa nyingi za maumivu anazopewa mgonjwa wa saratani ya ini ni zile zile tunazozijua. Tofauti iko kwenye ini linalozipokea. Wagonjwa wengi hufika hospitali ini likiwa tayari limejaa makovu, yaani sirosisi, yaliyoletwa na homa ya ini B au C, au na pombe. Kwa hiyo kuuliza "ipi kali zaidi?" hakumsaidii sana mgonjwa huyu. Uliza ipi ambayo ini na figo zake zitaimudu, na apewe saa ngapi. Majibu haya ni ya watu wazima, na dozi ya mgonjwa wako hupangwa na daktari anayemwona.

Baba atapitishiwa mpira kwenye mshipa ili uvimbe ukatiwe damu. Wamesema hatalazwa usingizi. Kwani haiumi?

Inauma, ila si pale watu wanapodhani. Daktari humchoma sindano ya ganzi, lidokeini, kwenye kinena au kifundo cha mkono, kisha hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye ateri ya ini huku akiutazama kwenye skrini ya eksirei. Safari hiyo ya mpira mgonjwa haisikii sana. Baada ya hapo humiminwa dawa ya saratani, mara nyingi doksorubisini iliyochanganywa na mafuta maalumu, halafu chembechembe za kuziba mshipa. Uvimbe hunywa damu ya ateri hiyo karibu yote, ilhali ini zima hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia mshipa mwingine utokao kwenye matumbo. Ndiyo maana uvimbe hufa na ini likabaki.

Maumivu huanza pale damu inapokatika. Huja chini ya mbavu za kulia, na wengine husema bega la kulia ndilo linalowauma. Baba akisema hivyo msidhani amelala vibaya: kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio juu ya ini, na ngozi ya bega hupeleka taarifa zao sehemu moja ya uti wa mgongo, shingoni, na ubongo huchanganya.

Basi wakati huo anapewa nini?

Dawa kuu ni za jamii ya afyuni kwa njia ya mshipa, na hapa ndipo kuna tofauti kubwa. Fentanili hufanya kazi ndani ya dakika chache na dozi moja huisha haraka, tena haiachi mabaki yenye sumu mwilini, kwa hiyo inamfaa hata mwenye figo dhaifu. Mofini hukaa muda mrefu, na kwa mwenye sirosisi hukaa zaidi, kwa hiyo hupunguzwa. Pethidini, ambayo bado iko kwenye makabati ya wodi nyingi, ningependa isitumike kwa mgonjwa huyu: mabaki yake hujikusanya na yanaweza kuleta degedege.

Baadhi ya madaktari humimina pia lidokeini kupitia mpira ule ule, ndani ya ateri ya ini. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha kwamba ikitangulia kabla ya mshipa kuzibwa, mgonjwa huumia kidogo kuliko ikingojwa hadi kazi iishe. Kanuni hiyo inahusu karibu kila dawa ya maumivu. Maumivu yaliyokwisha kupanda hudai dozi kubwa kuyashusha, na dozi kubwa ndiyo tunayoikwepa.

Na wale wanaounguzwa uvimbe kwa sindano ya joto?

Hao huhitaji zaidi ya ganzi ya ngozi. Ini kwa ndani halina hisia kali ya maumivu; chenye hisia ni utando mwembamba unaolifunika. Uvimbe ulio karibu na utando huo, au uliogusana na kiwambo au kifuko cha nyongo, huuma sana unapounguzwa. Ndiyo sababu hupewa propofoli, dawa ya kulaza, pamoja na fentanili, au usingizi kamili. Midazolamu hutuliza wasiwasi, lakini kwa mwenye sirosisi hudumu kuliko ilivyokusudiwa na inaweza kumwacha amechanganyikiwa hadi siku ya pili.

Jirani ametuambia Panadol inaua ini. Tuache kabisa?

Hapana, na ushauri huo umewatesa watu wengi bila sababu. Parasetamoli, ndiyo dawa iliyo ndani ya Panadol, huua ini ikizidishwa. Sehemu ndogo yake hugeuka sumu, na ini huizima sumu hiyo kwa akiba yake. Mgonjwa aliyekonda, asiyekula, au anayekunywa pombe ana akiba ndogo. Mtu mzima mwenye ini zima mwisho wake ni gramu 4 kwa siku. Kwa mwenye sirosisi madaktari wengi huishia gramu 2, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 kwa saa 24. Katika kiwango hicho, parasetamoli ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Soma pakiti za dawa za mafua na kikohozi. Nyingi zina parasetamoli ndani, na mgonjwa hujikuta amekula vidonge vinane akidhani amekula vinne.

Diklofenaki ndiyo iliyomsaidia mgongo miaka yote. Kwa nini sasa wanamkataza?

Kwa sababu ya figo na damu. Mwenye sirosisi, hasa aliyejaa maji tumboni, figo zake huendelea kupata damu ya kutosha kwa msaada wa kemikali ambazo diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzizuia. Ukimpa vidonge vya siku chache tu, mkojo unaweza kupungua, vidonge vya kukojoza vikaacha kufanya kazi, na figo zikafeli. Pili, dawa hizi huchubua tumbo na kudhoofisha chembe za kugandisha damu, wakati mgonjwa huyu huenda tayari ana mishipa iliyovimba kwenye umio. Ikipasuka, hutapika damu.

Wanaoathirika mara nyingi ni wale wanaopewa "kitu cha maumivu" duka la dawa la mtaani bila kuulizwa ugonjwa walionao. Diklopa, kwa mfano, huwa na diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Mtu husoma neno parasetamoli akatulia. Taja saratani ya ini kabla hujataja maumivu.

Kwa haki ya mjadala: huko China madaktari wamejaribu parekoksibu, ndugu wa karibu wa dawa hizi, wakati wa tiba ya kuziba mshipa, na maumivu yalipungua. Lakini hao ni wagonjwa waliochaguliwa, wenye ini lenye nguvu bado, na wako wodini wakipimwa. Usiichukue habari hiyo ukaipeleka nyumbani.

Tramadoli na kodeini je? Si ndizo za katikati?

Katika ngazi ya zamani ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1986, inayopanga dawa za maumivu kutoka hafifu hadi kali, ndizo za katikati. Kwa mgonjwa wa ini sizioni hivyo. Kodeini haitulizi mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na ini lililochoka huenda lisiigeuze. Tramadoli nayo inalitegemea ini, na ikizidi huleta degedege. Ikibidi tramadoli, dozi iwe ndogo na saa ziachane. Mara nyingi mofini kidogo iliyopimwa vizuri hutabirika zaidi.

Mama aliposikia "mofini" alianza kulia, akasema ndiyo mwisho.

Mwambieni mofini hupimwa kwa maumivu, haipimwi kwa siku zilizobaki. Wapo wanaoitumia siku tatu baada ya tiba wakaiacha. Uganda imekuwa mfano katika hili: Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wenye maradhi mazito, lililoanzishwa mwaka 1993, lilieneza mofini ya maji ya kunywa yenye bei nafuu, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika.

Kwa mgonjwa wa ini huanzwa kwa dozi ndogo, na badala ya kila saa 4 daktari anaweza kusema kila saa 6 au 8. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kijiko cha chai hakifai: vijiko vya jikoni havilingani. Angalieni pia maandishi ya chupa kila mnapopewa mpya, kwa sababu mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na mililita tano za leo zinaweza kuwa mara kumi ya zile za jana. Akisinzia kiasi cha kutoamshika, au akipumua polepole mno, msimwongezee; mkimbizeni hospitali. Ipo dawa ya kuzima nguvu ya mofini.

Jambo la pili ni choo. Mofini hufunga choo, na uchafu unaokaa matumboni hutengeneza amonia, taka yenye sumu ambayo ini hili haliwezi kuisafisha, ikapanda hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo laktulosi, dawa ya kulainisha choo, ianze siku moja na mofini. Lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku.

Ametoka hospitali juzi, ana homa na kichefuchefu.

Homa ndogo, kichefuchefu na maumivu ni kawaida siku za mwanzo baada ya kuziba mshipa, na huisha ndani ya wiki. Hospitali nyingine hutoa deksamethasoni kuvizuia. Inasaidia, lakini hupandisha sukari na inaweza kuamsha virusi vya homa ya ini B, kwa hiyo mwenye kisukari au homa ya ini B aseme mapema. Pimeni joto kabla ya kumpa parasetamoli, maana huificha homa. Homa inayozidi nyuzi 38 baada ya siku hizo, kutetemeka, tumbo kujaa ghafla, kizunguzungu akisimama, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua: rudini siku hiyo hiyo.

Halali usiku. Nimnunulie dawa ya usingizi?

Usinunue. Dawa hizo pamoja na mofini zinaweza kumzimia pumzi. Tena mgonjwa wa ini anayelala mchana na kukesha usiku huenda ubongo wake umeanza kuguswa na amonia. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja viinuke kama anayezuia gari. Vikipigapiga chini vyenyewe, mpigie daktari simu sasa, umtajie pia mara ya mwisho alipopata choo.