Faili la data lililoharibika: kwa nini programu ya fedha inajifunga hata ukiisakinisha upya

Faili la data lililoharibika ni faili ambalo bado lipo kwenye diski, na jina lake na ukubwa wake, ila ndani yake kuna sehemu ambazo programu haiwezi tena kuzisoma. Katika programu za hesabu za nyumbani kama GnuCash, Quicken, HomeBank au Money Manager Ex, uharibifu huu mara nyingi hauleti ujumbe wowote. Programu inafunguka, inaonyesha nembo yake, kisha inatoweka. Au inafanya kazi vizuri hadi ufungue akaunti fulani au ripoti fulani, na hapo ndipo inapojifunga kila mara.

Watu wengi hukimbilia kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Jambo hilo halisaidii kwa sababu programu na faili la hesabu hukaa mahali tofauti. Kwenye Windows, programu huwekwa ndani ya Program Files, na faili lako huwa kwenye Documents au folda uliyoichagua mwenyewe. Kuondoa programu hakuligusi faili hilo, na hilo ni jema, kwani humo ndimo zilimo hesabu zako za miaka yote. Lakini nyingi ya programu hizi zina desturi ya kufungua zenyewe faili la mwisho ulilolitumia. Karani mpya akikabidhiwa daftari lilelile lenye kurasa zilizochanika, atakwama palepale alipokwama yule wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza chochote, tenganisha programu na faili. Fungua programu bila faili. GnuCash hufunguka hivyo kwa amri ya gnucash --nofile. Kwenye Quicken ya Windows, shikilia kitufe cha Ctrl huku ukibofya ikoni yake mara mbili. Kwa programu isiyo na njia kama hiyo, hamishia faili folda nyingine kwa muda ili programu ilikose. Ikifunguka, tengeneza faili jipya tupu, ingiza miamala mitano au sita ya kubuni, hifadhi, funga, fungua tena. Yote yakienda sawa, programu yako ni nzima na tatizo liko kwenye faili la zamani au mahali linapokaa. Hata faili tupu likiiangusha, basi tafuta kosa kwenye programu yenyewe au kwenye Windows, na faili lako liache lilivyo.

Chukua nakala kabla ya jaribio lolote la ukarabati, na ukarabati wote uufanye kwenye nakala hiyo. Kwanza hakikisha programu imefungwa kweli: fungua Task Manager uone kama haijabaki ikiendelea nyuma ya pazia. Kisha nakili folda nzima. Usinakili faili moja tu, na hapa pana jambo ambalo limewapotezea watu kumbukumbu zao. Money Manager Ex huhifadhi hesabu katika hifadhidata ya SQLite (mfumo wa kuweka data yote ndani ya faili moja), na GnuCash pia inaweza kutumia SQLite ukiichagua. Hifadhidata ya aina hii, ikikatizwa katikati ya kuandika, inaweza kuacha pembeni faili lenye jina lilelile lakini linaloishia na -journal au -wal. Kwa macho linaonekana kama takataka. Ukweli ni kwamba faili la -journal lina maelezo ya kurudisha hifadhidata ilivyokuwa kabla ya kukatizwa, na lile la -wal linaweza kuwa na miamala ambayo bado haijaingizwa kwenye faili kuu. Ukilifuta, au ukiliacha nyuma wakati wa kunakili, unaweza kuharibu hifadhidata ambayo ingejirekebisha yenyewe mara tu ingefunguliwa.

Faili huharibika vipi? Sababu ya kwanza ni kukatizwa kwa uandishi: umeme kukatika, kompyuta kuzimwa kwa kubonyeza kitufe na kukishikilia, au flashi kuchomolewa kabla ya kuiondoa kwa utaratibu. Sababu ya pili huwashangaza wengi, nayo ni huduma za wingu kama OneDrive na Dropbox. Huduma hizi zimetengenezwa kwa ajili ya hati na picha zinazobadilika mara chache. Baadhi ya programu za fedha huandika kidogo kidogo muda wote zinapokuwa wazi, na huduma ya wingu inaweza kulishika faili lilelile katikati ya uandishi. Mbaya zaidi ni kulifungua kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja: unaishia na nakala mbili zinazopingana, kila moja ikiwa na miamala ambayo nyenzake haina. Kwenye Windows za karibuni, folda ya Documents yenyewe inaweza kuwa imehamishiwa ndani ya OneDrive bila mwenye kompyuta kutambua. Angalia njia ya faili lako; ukiona neno OneDrive humo, lihamishe hadi folda ya kawaida, kwa mfano C:\Hesabu, na wingu ulipelekee nakala rudufu tu. Binafsi ningeanza na hatua hii kabla ya zote, maana haigharimu chochote na mara nyingine inamaliza tatizo lote.

Sababu nyingine ni diski inayoanza kufa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yenye hitilafu. Dalili yake ni kwamba hata programu zisizohusiana na fedha zinajifunga, au kunakili faili kunakwama katikati. Kwenye dirisha la amri (Command Prompt), tumia chkdsk C: /f kukagua mfumo wa mafaili na mdsched kupima RAM. Ila kama unashuku diski, nakala zitoke kwanza kwenda diski nyingine ndipo uikague.

Ukarabati wenyewe hutegemea programu. Quicken ina kazi ya Validate and Repair ndani ya menyu ya File. GnuCash ina Check & Repair kwenye menyu ya Actions, lakini kazi hiyo hurekebisha miamala isiyosawazika; haitasaidia faili ambalo halifunguki kabisa. Faili likigoma kufunguka, tazama folda yake. Ikiwa hesabu zako zimehifadhiwa kwa muundo wa XML badala ya SQLite, na huo ndio wa kawaida, GnuCash huacha humo nakala za nyuma zenye tarehe na saa ndani ya majina yake, na kwa kawaida huzitunza kwa siku 30. Fungua ya karibuni iliyo nzima, kisha rudisha miamala iliyopotea kutoka kwenye mafaili ya .log (kumbukumbu za mabadiliko uliyoyafanya), kwa mpangilio wa tarehe, kupitia menyu ya File, Import, Replay GnuCash .log file. Faili dogo la .LCK utakaloliona humo ni kufuli tu. Hubaki pale programu inapoanguka, na ndilo linalosababisha onyo kwamba faili linatumika na mtu mwingine. Kama una uhakika halijafunguliwa kwingine, endelea kulifungua.

Kwa faili la SQLite lisilo na nywila, fungua nakala yake kwa chombo cha sqlite3 na uandike PRAGMA integrity_check; pamoja na nuktamkato yake. Mfumo ukijibu ok, muundo wa faili ni mzima na tatizo halipo hapo. Ukijibu kwa orodha ya makosa, amri ya .recover hutoa kila kinachosomeka ili ukiingize kwenye faili jipya.

Wakati mwingine faili ni zima kimuundo, ila muamala mmoja ndio unaoiangusha programu, hasa baada ya kuingiza data ya benki ya QIF au OFX (miundo ya mafaili ya miamala). Kumbuka tarehe ya uingizaji wa mwisho kabla ya matatizo kuanza, rudisha nakala ya kabla ya hapo, kisha ingiza data ile tena kwa mafungu madogo hadi fungu lenye kasoro lijulikane.

Na kama faili tupu pia liliangusha programu? Windows huwa imeandika kilichotokea. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha Application, utafute tukio la Application Error lenye namba 1000 kwa dakika ile programu ilipojifunga. Mstari wa kusoma ni Faulting module name, yaani jina la kipande cha programu ambamo kosa lilitokea. Ukikuta jina la faili la kadi ya picha au la printa, sasisha dereva husika (programu inayoendesha kifaa hicho). Ukikuta ntdll.dll peke yake, ambalo ni faili la Windows yenyewe, usiilaumu Windows haraka. Jina hilo hujitokeza kwa makosa ya kila aina. Vivyo hivyo msimbo 0xc0000005: maana yake ni kwamba programu iligusa eneo la kumbukumbu lisiloruhusiwa, lakini hausemi kwa nini. Ukiona mafaili ya Windows yenyewe yana walakini, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza, halafu sfc /scannow. Kagua pia Controlled folder access kwenye Windows Security. Ikiwa imewashwa, inaweza kuizuia programu isiandike ndani ya Documents, na baadhi ya programu hazijui la kufanya zinapokataliwa.

Baada ya kurudisha faili, usianze kuingiza matumizi mapya siku hiyohiyo. Chukua taarifa ya benki, linganisha salio la kila akaunti kwa tarehe ya mwisho wa mwezi, mwezi baada ya mwezi kurudi nyuma, hadi ufike mwezi ambao salio zote zinakubaliana. Miamala yote inayokosekana iko baada ya mwezi huo.