Koleji ya Oxford si chuo cha kati, wala si ndaki

Mwaka jana binti wa dada yangu alikubaliwa Oxford. Aliichapisha barua kwenye duka la stesheneri, karatasi mbili, akaja nayo kwa bibi yake Tanga ambako tulikuwa tumekusanyika. Juu kulikuwa na nembo ya koleji na jina la koleji kwa wino mzito. Neno Oxford lilikuwa dogo, pembeni, kwenye anwani. Barua ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia kaka yetu mkubwa. Akavaa miwani, akaisoma yote, akaikunja taratibu. "Hongera mwanangu," akasema. "Kumbe ni koleji. Si haba. Ukiimaliza hiyo, inshallah utaingia chuo kikuu chenyewe."

Binti akasema, "Ahsante mjomba," akainamisha kichwa. Mimi nilinyamaza, maana Kaka ni mkubwa na watu walikuwa wengi. Lakini tangu siku ile nimelisikia kosa hilohilo mara nyingi. Nimesoma habari iliyotafsiriwa ikasema Cambridge ina "vyuo vikuu 31". Nimemsikia mtangazaji akieleza kwamba mtu fulani alianza Balliol, ambayo ni koleji ya Oxford, halafu akajiunga na Oxford. Rafiki yangu msomi kabisa aliniambia koleji ni kama ndaki za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimeona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Koleji ya Oxford au Cambridge ni jumuiya ya wasomi yenye hati yake, mali yake, nyumba zake na mkuu wake, iliyomo ndani ya chuo kikuu. Chuo kikuu hutoa mihadhara, hutunga na kusahihisha mitihani, hutoa shahada. Koleji humchagua mwanafunzi wa shahada ya kwanza, humpa chumba na meza ya chakula, na humfundisha kwa karibu, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili au watatu, wakati mwingine mmoja tu. Mwanafunzi ni wa koleji na wa chuo kikuu kwa wakati mmoja. Hatoki huku akaenda kule.

Kinachotupoteza ni maneno. Sisi tuna neno chuo, na kwenye Kiswahili cha zamani cha pwani chuo ni kitabu. Chuoni ni pale vitabu vinaposomwa, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Neno letu limezaliwa na kitu kinachoshikwa mkononi, kisha likawa jina la mahali. Halafu tukaongeza sifa za ukubwa: chuo, chuo cha kati, chuo kikuu. Mswahili akisikia koleji na chuo kikuu kwenye sentensi moja, mara moja anaona ngazi, moja chini na nyingine juu.

Kilatini, ambako neno koleji limetoka, hakikuanzia kwenye kitabu wala kwenye ngazi. Kilianzia kwa watu. Collega kwa Warumi ni mwenzako uliyepewa naye kazi moja, na collegium ni kundi la wenza hao: makuhani, mafundi, hata watu waliochanga fedha za kuzikana. Sheria ya Kirumi ilikuwa na kauli kwamba watatu hufanya collegium. Hakuna jengo katika neno hilo, wala hakuna masomo. Ndiyo maana makadinali wanaomchagua Papa huitwa kwa neno hilohilo, na ndiyo maana Eton, iliyoanzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440, ni koleji kwa jina ingawa ni shule ya sekondari ya wavulana. Mtu aliyekariri kwamba koleji ni mahali pa kuchukulia stashahada hawezi kuielewa Eton hata kidogo.

Na universitas, neno la Kilatini lililozaa university ya Kiingereza? Wengi huamini linatokana na ulimwengu, yaani mahali panapofundishwa elimu zote za ulimwengu. Tafsiri hiyo inavutia, nayo imesemwa kwenye mahafali mengi, lakini historia haiiungi mkono. Universitas lilikuwa neno la sheria lenye maana ya watu wengi wanaohesabiwa kuwa kitu kimoja. Hata chama cha mafundi kiliweza kuitwa hivyo. Waliposema universitas ya walimu na wanafunzi walikuwa wanataja chama, kama tunavyosema leo chama cha ushirika. Mahali pa elimu palikuwa na jina lake, studium generale. Kwa hiyo maneno yote mawili, universitas na collegium, yalikuwa karibu ndugu: yote ni makundi ya watu waliofungamana kisheria. Hakuna lililokuwa dogo kwa lingine kwa asili yake.

Ukilishika hilo, historia ya Oxford inanyooka. Ufundishaji ulikuwepo pale tangu mwaka 1096, ukakua baada ya 1167, Mfalme Henry II alipowazuia Waingereza kwenda kusoma Paris. Koleji hazikuwepo. Walimu walikodi vyumba, wanafunzi wakapanga nyumba za watu mjini. Mwaka 1209 mwanafunzi mmoja alimuua mwanamke wa mji, akakimbia. Wenye mji wakawakamata waliokuwa wakiishi naye nyumba moja, wakawanyonga. Walimu na wanafunzi wakafunga mizigo, wakatawanyika. Baadhi yao wakaenda Cambridge, na chuo kikuu cha Cambridge kimeanzia hapo. Chama hakikuwa na jengo la kukiweka mahali, kiliweza kuhama kama kundi la ndege.

Mji wa Oxford ukaumia, kwa sababu wapangaji wameondoka. Mwaka 1214 mjumbe wa Papa alipatanisha. Kodi za nyumba za wanafunzi zikapunguzwa nusu kwa miaka 10. Mji ukatakiwa kutoa shilingi 52 kila mwaka kwa wanafunzi maskini, na kuwalisha wanafunzi maskini 100 siku ya Mtakatifu Nicholas. Naipenda sana hati hiyo. Chuo kikuu kinachosifiwa dunia nzima kinaonekana pale kikiwa watu wenye njaa na madai ya kodi.

Kwa muda mrefu chuo kikuu kilibaki bila nyumba ya maana. Vikao vyake vilifanyikia kanisa la Mtakatifu Maria, na maktaba yake ya kwanza ilikuwa chumba cha juu pembeni mwa kanisa hilo. Sherehe za shahada ziliendelea kufanyika kanisani mpaka ukumbi wa Sheldonian ulipokamilika mwaka 1669.

Koleji zilikuja baadaye, na zilikuja kwa shida ya chumba na chakula. Mwaka 1249 William wa Durham aliacha wosia wa fedha za kuwatunza walimu wachache. Ndiyo mbegu ya University College. Balliol ikafuata karibu na 1263. Lakini aliyeipa koleji umbo lake ni Walter de Merton, aliyekuwa chansela wa mfalme, mtunza muhuri wake. Mwaka 1264 alitoa mashamba yake ya Surrey, akaandika kanuni, akasema mapato yawalishe wasomi wake daima. Ndiyo koleji ya Merton. Cambridge ikapata Peterhouse mwaka 1284 kwa mkono wa Askofu Hugh de Balsham wa Ely, akifuata mfano wa Merton.

Msomaji wa pwani ameshalitambua jambo hili. Ni wakfu. Mtu anatoa shamba la minazi au maduka mawili, mapato yaende msikitini au madrasa, na mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Tofauti ni kwamba wakfu wetu huwekewa msimamizi, lakini koleji ni ya wanajumuiya wenyewe. Wale wasomi, wanaoitwa mafelo, ndio wenye mali kwa pamoja. Wanachagua mkuu wao, wanaamua nani aingie. Akifa mmoja, jumuiya inabaki. Neno wakfu lingekuwa limetusaidia kuliko neno chuo, na nashangaa hatujalitumia.

Na hapa ndipo ninapoomba tusikilizane kuhusu ndaki. Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia pale Mlimani ni mkusanyiko wa idara za fani moja. Mhandisi yuko ndaki ya uhandisi kwa sababu anasoma uhandisi. Koleji ya Oxford haigawanyi watu hivyo. Katika Merton utamkuta mwanafunzi wa fizikia anakula meza moja na mwanafunzi wa Kilatini, na kule Balliol wapo tena wa fizikia na wa Kilatini. Wanafizikia wa koleji zote wanakutana maabara ya chuo kikuu na chumba kimoja cha mtihani. Idara ziko kwenye chuo kikuu. Koleji inakata upande mwingine kabisa, kama mshono wa mlalo na wa wima kwenye kitambaa kimoja. Pia si bweni, kwa kuwa bweni halina walimu wake, halimiliki mashamba, halimchagui mwanafunzi. All Souls, iliyoanzishwa 1438, haina hata mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na bado ni koleji kamili.

Zipo zinazokaribia ndaki. Nuffield ni ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na imejikita kwenye sayansi za jamii. Humo alisoma Ali Mazrui wa Mombasa, akapata shahada yake ya uzamivu mwaka 1966. Lakini shahada hiyo ni ya Oxford. Nuffield haina shahada ya kumpa mtu.

Uskochi mambo yalikwenda vingine, na hapo wanaojua kidogo hukosea kwa upande wa pili. St Andrews ilipata hati ya Papa mwaka 1413, Glasgow 1451, kisha Aberdeen na Edinburgh. Aberdeen ilikuwa na King's College ya 1495 na Marischal College ya 1593, kila moja ikitoa shahada zake yenyewe, hadi zilipounganishwa mwaka 1860. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na vyuo vikuu viwili vinavyoitwa koleji, wakati Uingereza nzima, kusini, ilikuwa navyo viwili tu hadi miaka ya 1830. Edinburgh ilianzishwa na baraza la mji, ikafungua milango 1583 ikiitwa koleji ya mji. Mwalimu Nyerere aliposoma huko kuanzia 1949 hadi 1952 hakuwa na koleji ya namna ya Merton, kwa sababu Edinburgh haina. Kumuuliza mtu alikuwa koleji gani Edinburgh si swali.

Mazoea yetu ya koleji kuwa chini ya chuo kikuu yametoka London, wala si Oxford. Chuo cha London kilichoanzishwa 1826 hakikuruhusiwa kutoa shahada. Mwaka 1836 ikaundwa University of London kuwa mtahini, na kile cha kwanza kikageuzwa jina kuwa University College: koleji ifundishe, chuo kikuu kitahini. Mpango huo ndio uliokuja Makerere mwaka 1949, na ndio uliokuja Dar es Salaam Oktoba 1961, wakati wanafunzi wachache wa sheria walipoanza masomo katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wakisomea shahada ya London. Hadi 1970 tulikuwa na koleji, na chuo kikuu kilikuwa kitu kingine kilicho juu yake. Kaka yangu alisoma shule miaka hiyo. Alichosema sebuleni kilikuwa sahihi kwa Dar es Salaam ya utoto wake.

Kwa hiyo, Kaka, mtoto ameshaingia. Barua imeandikwa na koleji kwa sababu koleji ndiyo inayompokea, inampa funguo ya chumba na kumkalisha na mwalimu kila wiki. Na siku ya kumaliza, cheti kitaandikwa Oxford. Wakikuuliza barazani yuko wapi, waambie yuko Oxford. Atakayetaka kujua zaidi, mtajie koleji yake.